Jina Lako Limeandikwa Wapi? Mwongozo wa Fedha kwa Mwanamke Anayeanza Upya Baada ya Talaka

Mwanamke anayetoka kwenye ndoa hapungukiwi ushauri. Wapo watakaomwambia avumilie, wapo watakaomwambia afungue biashara mara moja, na wapo watakaomletea habari za mtu aliyeondoka mikono mitupu na sasa ana nyumba tatu. Ushauri wote huo humfikia kabla hajajua ana nini, anadaiwa nini, na ni kwenye karatasi zipi jina lake limeandikwa. Mwongozo huu unaanzia kwenye karatasi hizo, kwa sababu baada ya ndoa kuvunjika, mambo ambayo zamani yalikwenda kwa kuaminiana huanza kwenda kwa maandishi, na asiye na maandishi hubaki akisimulia.

Neno moja kabla ya kuendelea. Ikiwa ndoa yako ilikuwa na vipigo, vitisho au mtu aliyekuwa akikagua kila senti uliyoishika, basi usalama wako na wa watoto unatangulia hatua zote zilizomo humu. Maandalizi yafanye kimya kimya, na usiache alama za utafutaji wako kwenye simu au kompyuta ambayo mwingine anaweza kuifungua.

Bahasha ya nyaraka

Tafuta bahasha kubwa au jalada lenye kifungo, kisha uanze kukusanya: kitambulisho, cheti cha ndoa, amri ya talaka kama imekwisha kutolewa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vyeti vyako vya masomo, hati au mikataba ya nyumba na viwanja, kadi za vyombo vya usafiri, mikataba ya mikopo, hati za bima, na taarifa za mchango wako na wa mwenzako kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii pale sheria inapokuruhusu kuzipata. Pamoja na hizo, omba benki ikupe taarifa za akaunti za walau miezi 12 iliyopita. Taarifa hizo huonyesha kilichoingia, kilichotoka na tarehe yake, na mara nyingi ndizo zinazofichua mkopo usioujua au akaunti nyingine iliyokuwa ikipokea fedha za familia. Toa nakala mbili za kila kitu, na moja uiweke kwa mtu unayemwamini anayeishi mbali na nyumba hiyo.

Nakala za picha kwenye simu zinafaa, ila zinafaa tu ikiwa simu ni yako kwelikweli. Hapa pana jambo dogo linalowakwamisha wengi. Laini ya simu unayoitumia huenda ilisajiliwa kwa jina la mume, na kwa kuwa benki na huduma za fedha hutuma namba ya siri ya muda kwenye laini hiyo, mwenye usajili anaweza kuifunga au kuitoa upya na hivyo kukufungia mlango wa fedha zako mwenyewe. Sajili laini kwa jina lako, fungua barua pepe mpya, badilisha nenosiri la kila huduma, na maswali ya usalama uyabadilishe pia, kwa maana mtu uliyeishi naye miaka 10 anajua jina la shule yako ya msingi na la mnyama uliyemfuga utotoni.

Nyaraka zikishakusanyika, chukua daftari na uandike kila mali na kila deni, kisha kwa kila kimoja ujibu mambo manne: kipo kwa jina la nani, kina thamani gani leo, kinadaiwa kiasi gani, na nani anayekilipia kila mwezi. Kazi hii huchosha na wakati mwingine huliza. Ifanye kwa siku tatu au nne ukihitaji, lakini ifanye hadi mwisho, maana wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kwenye talaka huisha upesi zaidi.

Madeni hayajui kwamba mmeachana

Sehemu hii naipa nafasi kubwa kwa makusudi, kwa kuwa ndipo wengi wanapoumia wakidhani wamekwisha kuvuka.

Mkopo ni mkataba kati ya mkopeshaji na wale waliotia saini. Mahakama inaweza kuamuru kwamba deni fulani lilipwe na aliyekuwa mume wako, na amri hiyo ikawa na nguvu kati yenu wawili, lakini benki haikuwa sehemu ya shauri lenu la ndoa. Kama mlisaini pamoja, au kama wewe ulikuwa mdhamini wake, mkopeshaji kwa kawaida anabaki na haki ya kukufuata wewe marejesho yakikwama. Utabaki na haki ya kumdai mtalaka wako baadaye, ila wakati huo huo jina lako litakuwa limeshachafuka kwenye kumbukumbu za mikopo, na siku utakapohitaji mkopo wa kupanga maisha utaambiwa una deni usilolila hata shilingi.

Kwa hiyo usitosheke na ahadi ya mdomo wala na sentensi ya kwenye hukumu. Mwandikie mkopeshaji barua, taja namba ya mkataba, mweleze kwamba ndoa imevunjika, na uombe moja kati ya mambo haya: deni lilipwe lote kutokana na mali za pamoja kabla ya mgawanyo, au mkataba uandikwe upya kwa jina la mmoja tu, au jina lako liondolewe kwenye udhamini na dhamana nyingine iwekwe mahali pake. Anaweza kukataa, na mara nyingi hukataa la tatu, lakini barua yenye mhuri wa kupokelewa ni kitu cha kumwonyesha wakili au hakimu wakati mgawanyo bado unajadiliwa. Akaunti ya pamoja nayo isiachwe ikining'inia. Kama haiwezi kufungwa mara moja, omba iwekewe sharti la saini mbili, na uhakikishe kibali cha kutoa fedha zaidi ya salio kimeondolewa.

Kuna pia majina yaliyoandikwa kwa siku ya kifo. Fomu ya bima ya maisha na ya mafao ya kazini huwa na sehemu ya mnufaika, na katika mifumo mingi talaka peke yake haifuti jina lililokwisha kuandikwa hapo. Fedha zilizokusudiwa watoto zimewahi kwenda kwa mtu aliyeachwa miaka mingi nyuma, kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka fomu ya ukurasa mmoja. Ziombe fomu hizo, uzijaze upya, na wosia nao uuangalie.

Wakati wa mgawanyo

Usiingie kwenye mazungumzo ya mgawanyo ukiamini kwamba kwa kuwa hukuajiriwa huna mchango. Mkataba wa Kimataifa wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, uliopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1979, unawataka wanachama wake wahakikishe wanandoa wote wawili wana haki sawa katika kumiliki, kuchuma na kusimamia mali. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa, na mahakama ya juu ya Uingereza mwaka 2000 ilisema hakuna nafasi ya kumbagua anayetunza nyumba na watoto kwa kumpendelea anayeleta mshahara. Sheria hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, na hata kati ya aina moja ya ndoa na nyingine ndani ya nchi hiyo hiyo, kwa hiyo tafuta wakili au kituo cha msaada wa kisheria mapema, kabla ya kusaini, na uende na lile daftari.

Yapo makosa mawili ya hesabu yanayojirudia. La kwanza ni kung'ang'ania nyumba kwa gharama yoyote. Nyumba ina kumbukumbu, ina vyumba vya watoto, na ni rahisi kuona kwamba mwenye kubaki nayo ndiye aliyeshinda, ilhali ina kodi, matengenezo, bima na pengine rehani ambayo ilikuwa ikilipwa na vipato viwili. Mwenzako akichukua mafao ya uzeeni na akiba taslimu, nawe ukachukua kuta ambazo huwezi kuzitunza, baada ya miaka miwili utauza kwa haraka, na mwenye haraka huuza kwa bei ya mnunuzi. Piga hesabu ya gharama za nyumba kwa mwaka mzima ndipo uamue.

La pili ni kupokea kiasi cha matunzo ya watoto kisichobadilika kamwe. Chukua mfano wa mfumuko wa bei wa asilimia 6 kwa mwaka. Njia nyepesi ya kujua fedha itapoteza nusu ya nguvu yake lini ni kugawanya 72 kwa kiwango hicho, nawe unapata miaka 12. Maana yake ni kwamba mtoto aliye na miaka 6 leo, akifika 18, kiasi kile kile kitanunua nusu tu ya kinachonunua sasa, na wakati huo ada na mahitaji yake yatakuwa makubwa kuliko ya mtoto wa miaka 6. Omba makubaliano yaseme wazi kwamba kiasi kitapitiwa kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, na yaseme pia nani analipia matibabu ya ghafla.

Uchovu ni mshauri mbaya katika hatua hii. Mtu aliyechoka husaini chochote ili yaishe. Ukijiona umefika hapo, omba siku saba, ulale, kisha mpe mtu mwingine mwenye kichwa kilichotulia asome mkataba huo mbele yako kwa sauti.

Miezi ya kwanza peke yako

Fungua akaunti kwa jina lako peke yako, kama hukuwa nayo. Haki hii inaonekana ya kawaida, lakini nchini Ufaransa mke alihitaji ridhaa ya mumewe ili kufungua akaunti hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1965, na Marekani ilikuja kupiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika utoaji wa mikopo mwaka 1974. Wapo wanawake walio hai leo waliowahi kukataliwa dirishani.

Kisha andika matumizi kwa siku 30 mfululizo bila kujihukumu. Usianze kwa bajeti ya kutamani, kwa sababu bajeti ya kutamani huvunjika wiki ya pili na kukuacha ukijiona mzembe. Andika kilichotoka kweli, hata kile kidogo cha aibu. Mwisho wa siku 30 tenga matumizi yasiyoahirishika, yaani makazi, chakula, usafiri wa kazini, shule, dawa na marejesho, na uone yanakula sehemu gani ya kipato chako. Tuseme kipato ni 100 na hayo peke yake yanafika 85. Hapo kupunguza vocha na nguo hakutakuokoa. Itabidi ama makazi yabadilike ama kipato kiongezeke, na ni heri kulijua hilo mwezi wa kwanza kuliko kuligundua ukiwa na malimbikizo ya miezi mitano. Gharama zinazokuja mara moja kwa mwaka, kama vile bima na sare za shule, zigawanye kwa 12 na uzitenge kila mwezi.

Matunzo yanayotoka kwa mtalaka wako yasiwe nguzo ya bajeti. Yakija kwa wakati, yaelekeze kwa watoto na kwenye akiba. Yakichelewa, weka kumbukumbu ya tarehe na kiasi, lakini pango lako lisiwe linategemea hiari ya mtu mliyegombana naye wiki iliyopita.

Akiba ya dharura isikutishe kwa ukubwa. Washauri wa fedha hupendekeza matumizi ya miezi mitatu hadi sita, nami nakubaliana nao kama lengo la mbali, ila kwa mtu anayeanza, fedha ya kodi ya mwezi mmoja iliyokaa mahali ambapo huioni kila siku inatosha kubadilisha namna unavyolala usiku. Ukiipata, endelea hadi mwezi wa pili.

Na kama mgawanyo umekupa kitita cha fedha kwa mara moja, kiweke kwenye amana isiyo na hatari na usikiguse kwa miezi sita, isipokuwa kulipa madeni yenye riba kali. Habari za fedha husafiri. Watatokea ndugu wenye shida za kweli, marafiki wenye mawazo ya biashara, na wageni wenye miradi inayoahidi kuzidisha fedha mara mbili kwa muda mfupi, na hawa wa mwisho hupenda sana wajane na waliotalikiwa. Jibu la "fedha imefungwa hadi mwezi fulani" halimkosei mtu heshima, na lina faida ya kuwa kweli.

Kipato kinachosimama

Mshahara mdogo wenye uhakika, kwa mwaka wa kwanza, mara nyingi ni bora kuliko biashara yenye matumaini makubwa. Nasema hivyo nikijua wengi watapinga. Biashara changa huhitaji mtu anayeweza kukosa kipato kwa miezi kadhaa, na aliyetoka kwenye talaka ndiye asiyeweza. Kama ulikaa nje ya ajira kwa miaka mingi, andika kazi ulizozifanya kwa majina yake halisi: kusimamia bajeti ya kaya, kutunza mgonjwa, kuongoza kamati ya shule, kutunza hesabu za kikundi. Mafunzo ya muda mfupi yanayokupa cheti kinachotambuliwa na waajiri yana thamani kuliko ya muda mrefu usiyoweza kuyamaliza.

Ukiamua biashara, kanuni ya kwanza ni kutenga fedha za biashara na za nyumbani hata kama zote ziko kwenye kibeti kimoja. Mwanamke mmoja ninayemfahamu alirudi kwenye ushonaji baada ya ndoa yake kuvunjika. Wateja walijaa, cherehani haikupoa, na bado kila mwezi alikopa. Tulipokaa na daftari lake, gauni aliloliuza kwa 100 lilikuwa limeandikiwa gharama moja tu: kitambaa, 55. Tukaongeza uzi na vifungo, 8. Umeme, 4. Nauli ya kufuata kitambaa, 9. Sehemu ya pango la chumba kwa gauni moja, 14. Jumla ikawa 90. Kwa kazi ya saa sita alikuwa akibakiwa na 10, naye alikuwa akitumia 45 akiamini ni faida. Alikuwa anakula mtaji kwa bidii. Alipandisha bei, akapoteza wateja wachache, akaacha kukopa. Fanya hesabu hiyo kwa bidhaa moja kabla ya kuuza ya pili, na ujilipe kiasi maalumu kila mwezi, badala ya kuchota kila njaa inapobisha.

Kuhusu mikopo, uliza swali moja ambalo afisa wa mikopo hapendi kulijibu upesi: riba inahesabiwa juu ya deni la mwanzo au juu ya salio linalobaki? Ukikopa 100 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi na kurejesha sehemu sawa za mtaji kwa miezi 10, riba ikihesabiwa juu ya deni la mwanzo utalipa 30. Ikihesabiwa juu ya salio, utalipa 16.5. Kiwango kilichobandikwa ukutani ni kile kile. Ongeza ada ya fomu, bima na faini za kuchelewa, kisha uombe jumla ya marejesho iandikwe kwa namba moja. Paa pekee linalowafunika wewe na watoto usiliweke dhamana kwa mtaji wa kujaribia. Vikundi vya kuweka na kukopa vinaweza kukufaa zaidi mwanzoni, ilimradi kuna daftari linalosomwa mbele ya wanachama wote na fedha haikai kwa mtu mmoja.

Kama una madeni kadhaa, lipa kiwango cha chini kwa yote, na kila kinachozidi kielekeze kwenye lile lenye riba kubwa hadi liishe.

Watoto waambiwe ukweli unaolingana na umri wao: kwamba mwaka huu hatutafanya jambo fulani kwa sababu fedha haitoshi. Usiwatume kumdai baba yao, na usijaribu kushindana naye kwa zawadi. Likija suala la ndoa nyingine, akaunti yako ibaki kuwa yako, na mali uliyoingia nayo iandikwe kabla ya harusi, jambo ambalo mchumba mwenye nia njema atalielewa.

Mara moja kwa mwaka, kwenye tarehe utakayoikumbuka, ifungue tena ile bahasha. Angalia laini ya simu iko kwa jina la nani, wanufaika ni akina nani, taarifa zako za mikopo zinasema nini, na kama barua ya kukuondoa kwenye udhamini imejibiwa. Ondoa nakala zilizopitwa na wakati, weka mpya, kisha mpigie yule anayekuhifadhia nakala ya pili umwambie unapita kuibadilisha.